Viwavi wa Mboga na Watu Waliopigana Nao

Mwenye bustani ya mboga humjua adui yake kwa alama kabla hajamwona kwa macho. Jioni huacha kabichi zake, au mashu kama wengi wetu tulivyozoea kusema, zikiwa nzima na zenye kupendeza. Baada ya siku chache hukuta majani yametobolewa kama nguo iliyoliwa na nondo, na moyo wa kabichi umejaa mavi madogo ya kijani. Akifunua jani humkuta kiwavi mwenyewe, amelala kando ya mshipa wa jani na rangi yake ni ile ile ya jani, hata jicho la haraka humpita.

Siku hizi wazo la kwanza la wengi ni kwenda sokoni kununua dawa. Mara nyingi hiyo dawa imo katika chupa ndogo isiyo na maandishi, muuzaji ameimimina kutoka chombo kikubwa, wala yeye mwenyewe hajui vizuri ni ya mimea gani. Mtu hupulizia Alhamisi, akavuna Ijumaa, akauza Jumamosi. Tena tumesikia, wala si mahali pamoja tu, habari za wakulima wanaotenga tuta moja lisilopuliziwa kwa ajili ya watoto wao, na matuta mengine yote huyapulizia kwa ajili ya soko. Mtu afanyaye hivyo hawezi kusema kwamba hakujua.

Lakini wenye bustani nao wana neno lao. Wanasema: Tufanye nini basi? Tukiacha dawa tutakosa mboga na ada ya shule pia. Swali hilo ni la haki. Wengi hudhani kwamba kabla ya dawa za chupa watu hawakuwa na la kufanya ila kutazama mimea yao ikiliwa. Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza wasomaji habari za vita hivi tangu zamani, maana katika habari hizo jibu la swali lao limo, ingawa si jibu moja wala si rahisi.

Nabii Yoeli anakianza kitabu chake na makundi ya wadudu yanayofuatana, hili likila kilichobakizwa na lile. Katika tafsiri ya Kilatini ya Mtakatifu Yeronimo wa kwanza kutajwa ni eruca, maana yake kiwavi. Warumi walikuwa na bustani nzuri, na Plinio, mwandishi aliyekufa mwaka wa 79 mlima Vesuvio ulipolipuka, aliandika kwamba wengine waliweka fuvu la kichwa cha farasi jike juu ya mti katikati ya bustani ili kuwafukuza viwavi. Tusicheke upesi. Hata leo kuna mashamba ambamo tunaona mifupa na vitambaa vimetundikwa kwa nia ile ile.

Katika Ulaya ya Kikristo jambo lilichukua njia nyingine, ambayo wasomaji wengi hawajapata kuisikia. Watu walileta mashtaka ya wadudu mbele ya hakimu wa Askofu. Mwaka wa 1516, huko Villenauxe katika jimbo la Troyes, Ufaransa, viwavi walikuwa wanakula mizabibu. Wakulima wakashtaki. Hakimu wa Askofu akasikiliza, akatoa hukumu: viwavi waondoke katika muda wa siku 6, wasipoondoka watalaaniwa. Lakini hukumu haikuishia hapo. Hakimu aliwaagiza na wakulima wenyewe watubu, wafanye matendo mema na kutoa zaka bila udanganyifu. Miaka 15 baadaye, mwaka wa 1531, mwanasheria mmoja wa Burgundy, Barthélemy de Chasseneuz, alitoa kitabu ambamo alichunguza kwa kirefu kama ni halali kuwashtaki wadudu na kuwatenga, akaona kwamba ni halali. Huko Saint-Julien katika Savoy, mwaka wa 1587, fukusi walioharibu mizabibu walipewa wakili wa kuwatetea. Wakili akasema kwamba hata wao ni viumbe vya Mungu na wana haki ya chakula chao, ndipo wanakijiji wakaahidi kuwatengea kipande cha ardhi. Hukumu ya mwisho haijulikani, kwa kuwa ukurasa wa mwisho wa daftari la kesi umeharibika, wanasema kwa panya au kwa wadudu.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa mafundisho ya Kanisa. Zaidi ya miaka 200 kabla ya hakimu wa Troyes, Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikwisha kueleza katika Summa yake kwamba kuwalaani viumbe wasio na akili kwa kuwa ni viumbe vya Mungu ni kufuru, na kuwalaani kwa ajili yao wenyewe ni jambo la bure lisilo na maana, nalo halifai. Kanisa lilichokuwa nacho ni sala. Katika kitabu cha ibada cha zamani, yaani Rituale Romanum, ilikuwamo baraka juu ya mashamba yaliyovamiwa na panya, nzige na wadudu, na padri aliyanyunyizia maji ya baraka. Sala hiyo haikumzuia mkulima kufunua majani yake asubuhi iliyofuata, na hapo ndipo tunapotaka kufika.

Kwa maana habari kubwa ya vita hivi ilianza siku ile mtu alipotulia kumtazama kiwavi mwenyewe. Mwaka wa 1602 mzee mmoja wa mji wa Bologna, Ulisse Aldrovandi, alitoa kitabu kikubwa juu ya wadudu. Aliandika kwamba pengine kando ya kiwavi wa kabichi huonekana kibonge cha vifuko vidogo vya manjano, vimeshikamana kama punje za mtama. Akadhani kwamba ni mayai ya kiwavi. Kosa hilo lilikuwa la kawaida, na sisi wenyewe tumewaona akina mama wengi wakivikwangua na kuviponda vifuko hivyo kwa hasira, wakisema kwamba ndiyo mbegu ya viwavi wa kesho.

Miaka ilipita zaidi ya 100 kabla kosa hilo halijasahihishwa vizuri. Aliyelisahihisha ni Antonio Vallisneri, mganga aliyefundisha katika chuo kikuu cha Padova. Mwanzoni mwa karne ya 18 yeye alieleza kwamba kiwavi hazai vifuko vile. Kuna nyigu mdogo, mweusi, mdogo kuliko sisimizi wetu wengi, ambaye humchoma kiwavi na kutaga mayai yake ndani ya mwili wake. Watoto wa nyigu hukua humo wakimla mwenyeji wao polepole. Wakishiba hutoboa ngozi, hutoka nje, kila mmoja husokota kifuko chake cha manjano, na kiwavi hufa hapo hapo kando yao. Kumbe vile vilivyodhaniwa kuwa mbegu ya adui vilikuwa makaburi yake.

Jambo hilo liliposhikwa, lilibadili mawazo yote. Mkulima hakuwa peke yake vitani. Alikuwa na askari ambao hakuwalipa mshahara, na kwa kutokujua aliwaua pamoja na adui. Lakini kati ya kujua na kutumia ulipita muda mrefu. Mpaka ilipotokea ajali ya Quebec.

Karibu mwaka wa 1860 kipepeo mdogo mweupe wa kabichi alionekana Quebec, katika Kanada, amekuja na meli kutoka Ulaya. Hakuwako kabla ya hapo katika bara la Amerika ya Kaskazini. Katika muda wa miaka 25 hivi alikuwa ameenea kusini hadi Ghuba ya Mexico na magharibi hadi kwenye milima ya Rocky. Paroko mmoja wa nchi ile, Padri Léon Provancher, aliyeanzisha gazeti la elimu ya viumbe liitwalo Le Naturaliste canadien mwaka wa 1868, alikuwa mmoja wa wale waliowaonya wakulima juu ya mgeni huyo. Padri huyo alitumia maisha yake kati ya misa, wagonjwa na wadudu, naye alieleza mamia ya aina za wadudu ambazo zilikuwa hazijapewa jina bado, hasa nyigu na jamaa zao. Tunamtaja kwa sababu wako waamini wanaodhani kwamba kuchunguza mdudu si kazi ya mtu wa Mungu.

Sababu ya kipepeo yule kuenea vile ilikuwa wazi kwa wenye elimu. Alivuka bahari peke yake, na nyigu wa vifuko vya manjano alibaki Ulaya. Basi mwaka wa 1883 Charles Riley, mkuu wa wataalamu wa wadudu katika serikali ya Marekani, aliagiza nyigu hao kutoka Uingereza. Walisafirishwa wakiwa ndani ya vifuko vyao, wakafika wazima, wakaachiliwa katika mashamba. Inasemwa kwamba ilikuwa mara ya kwanza kwa nyigu wa namna hiyo kuvushwa kwa makusudi kutoka bara moja hadi jingine ili apigane na adui wa mimea. Hakuwamaliza vipepeo wale. Nyigu wa namna hiyo hamalizi kamwe, kwa sababu akimaliza atakufa njaa yeye mwenyewe. Hupunguza tu, na katika bustani kupunguza kunatosha.

Hapo ingalikuwa njia nzuri. Lakini katika miaka ile ile njia nyingine ilikuwa imefunguliwa, pana zaidi na ya haraka zaidi. Tangu miaka ya 1860 wakulima wa Marekani walikuwa wameanza kunyunyiza rangi ya kijani yenye sumu ya arseniki, iliyoitwa kijani cha Paris, kwanza juu ya viazi. Mwaka wa 1892 ikatokea arseniki iliyochanganywa na risasi. Sumu hizo ziliua kiwavi kwa hakika, na zingemwua hata mla kabichi kama hakuosha. Riley mwenyewe alipenda dawa nyingine kwa viwavi wa kabichi, nayo ni unga wa pareto, na hapo habari yetu inaanza kukaribia nyumbani.

Pareto ni ua jeupe lenye moyo wa manjano. Kwao ni pwani ya Dalmatia, ng'ambo ya Italia. Watu wa huko walilikausha, wakalisaga, na unga wake ukaua viroboto na viwavi upesi. Wajapani wakalipanda baadaye, mpaka wakawa wauzaji wakubwa kuliko wote. Kenya ililianza mwishoni mwa miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 walowezi walilipanda pia katika nyanda za juu za Kivu, kwa kuwa linataka baridi na udongo mzuri, na vitu hivyo viwili Kivu inavyo. Vita vya pili vya dunia vilipofunga njia ya Japani, nchi zilizopigana nayo zilitegemea maua ya Afrika, na maua ya Kongo yalikuwamo. Maua hayo huchumwa kwa mkono, moja moja, tena hukaushwa na kupelekwa kiwandani. Wazee wa Masisi na Rutshuru waliokuwa watoto wakati huo waliyajua vizuri magunia hayo.

Hapa tuna jambo la kusema. Kwa miaka mingi mikono ya watu wa Kivu ilichuma dawa ya wadudu kwa ajili ya nyumba za Ulaya na Marekani, na wachumaji wengi wakarudi nyumbani bila kujua kwamba ua lile lile lingeweza kusaidia kabichi zao wenyewe. Waliliona kama mali ya bwana na ya kiwanda. Hata leo wako wanaouza maua na kununua chupa.

Tusilisifu pareto kupita kiasi. Ni sumu. Huwaua nyuki na nyigu kama viwavi, na likiingia mtoni huwaua samaki. Uzuri wake ni kwamba jua hulivunja upesi, siku moja au mbili tu, kwa hiyo halikai katika jani wala halirundikani mwilini mwa mtu. Ndiyo sababu hupuliziwa jioni, jua likiwa limepungua na nyuki wamerudi mzingani.

Udhaifu huo wa pareto, yaani kuisha upesi, ndio uliowafanya wataalamu watafute kitu kinachodumu. Wakakipata. Mwaka wa 1939 Paul Müller, mwanakemia wa mji wa Basel katika Uswisi, alivumbua nguvu ya DDT. Lazima tuseme kweli yote: katika majira ya baridi ya 1943 na 1944 dawa hiyo ilisaidia kuukomesha ugonjwa wa taifasi ulioletwa na chawa katika mji wa Napoli, na mahali pengi iliokoa watu na malaria. Müller alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1948, wala hatuwezi kusema kwamba hakustahili. Makosa yalianza ilipohamishwa kutoka shati la mgonjwa hadi jani la mboga. Kitu kinachodumu ukutani kikiua mbu hudumu pia udongoni, majini, katika mafuta ya samaki na katika maziwa ya mama. Mwaka wa 1962 Rachel Carson, mwanamke wa Marekani, aliandika kitabu kueleza hatari hiyo, akatukanwa sana. Miaka 10 baadaye, mwaka wa 1972, nchi yake ikaikataza DDT mashambani. Mapatano ya Stockholm ya mwaka wa 2001 yaliizuia ulimwenguni, isipokuwa kwa kupigana na wadudu waletao magonjwa kama malaria.

Walakini viwavi walikuwa wamekwisha kutoa hukumu yao kabla ya wanadamu. Yuko kiwavi mmoja mdogo, urefu wake sentimeta moja hivi, ambaye wenye kabichi wote wa milimani wanamjua. Ukimgusa hujinyonganyonga na kujishusha kwa uzi mwembamba. Akikua huwa nondo wa kijivu, na akikunja mabawa huonekana mgongoni alama kama almasi, ndiyo maana wataalamu humwita nondo wa almasi. Katika nchi yenye joto kizazi chake huchukua wiki mbili au tatu tu. Mwaka wa 1953 iliandikwa kutoka Java, katika Indonesia, kwamba kiwavi huyo hafi tena kwa DDT. Alikuwa mmoja wa wadudu wa kwanza wa mashambani kuizoea. Tangu hapo amezoea karibu kila dawa aliyopewa.

Jinsi anavyozoea si muujiza. Katika viwavi elfu huwako mmoja au wawili ambao kwa kuzaliwa kwao dawa haiwawezi. Wengine wakifa, hao hubaki na kuzaana wao kwa wao, na baada ya mwaka bustani nzima ina wana wao. Mkulima huongeza kipimo, kisha huchanganya chupa mbili, kisha tatu. Wakati huo huo nyigu wamekwisha kufa wote, kwa maana wao huzaa polepole zaidi na hawana mazoea hayo. Basi mtu hupulizia mara mbili kwa wiki na viwavi wanazidi. Wenye bustani wakitulalamikia kwamba dawa za siku hizi ni za uongo, pengine ni kweli kwamba zimetiwa maji, lakini mara nyingi dawa ni ya kweli na kiwavi ndiye aliyebadilika.

Dawa nyingine iliyopatikana bila kutafutwa ilitoka katika ugonjwa wa viwavi wenyewe. Mwaka wa 1901 Mjapani Ishiwata aliona viwavi wa hariri wakifa ghafla, akakuta kijidudu ndani yao. Mwaka wa 1911 Mjerumani Ernst Berliner alieleza kijidudu cha namna hiyo kilichopatikana katika nondo wa unga, kutoka kinu kimoja cha Thuringia, na kwa jina la mahali hapo kinaitwa mpaka leo Bacillus thuringiensis. Wauzaji husema Bt tu. Wafaransa waliitengeneza kuwa dawa ya kuuza mwaka wa 1938. Kiwavi akila jani lililonyunyizwa, tumbo lake huyeyusha chembe za kijidudu hicho, nazo humtoboa utumbo. Baada ya saa chache huacha kula, na baada ya siku mbili au tatu hufa. Tumbo la mtu ni la namna nyingine, lina ukali wa asidi, wala halidhuriki. Nyigu na nyuki pia husalimika. Lakini hata hapa nondo wa almasi alijibu. Mwaka wa 1990 ilithibitishwa huko Hawaii kwamba katika mashamba yaliyonyunyizwa Bt mara kwa mara alikuwa ameanza kuizoea. Kwa hiyo hata dawa njema ikitumiwa kila wiki bila akili huharibika.

Ikabaki njia ya Vallisneri na Riley. Nyigu wa kumshinda nondo wa almasi alijulikana Ulaya: jina lake Diadegma, mwembamba, mweusi, mwenye kutaga yai moja katika kiwavi mmoja. Safari yake inatukumbusha safari za wamisionari wa zamani, maana alikwenda hatua kwa hatua, na kila kituo kilizaa kingine. Mwaka wa 1936 alitoka Uingereza kwenda New Zealand. Mwaka wa 1950 alitoka New Zealand kwenda milima ya Java. Kutoka Indonesia akapelekwa Taiwan katika miaka ya 1980. Mwishowe taasisi ya icipe ya Nairobi, iliyoanzishwa na Mwafrika Thomas Odhiambo mwaka wa 1970, ikamleta kutoka Taiwan, na mwaka wa 2002 akaachiliwa katika milima ya Taita na sehemu nyingine ya baridi ya Kenya. Alikaa, akazaa, akaenea. Baadaye akapelekwa Tanzania na Uganda pia. Hapendi mabonde ya joto, na kwa ajili ya sehemu hizo walitafuta nyigu mwingine kutoka Afrika ya Kusini. Na mahali pote ilionekana jambo moja: nyigu hushinda pale tu ambapo wakulima wanaacha kupulizia sumu kali. Mahali walipoendelea, alikufa yeye kwanza.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Kenya na Taiwan. Lakini Kongo imekwisha kuokolewa na nyigu mara moja. Wazee wanakumbuka mdudu mweupe kama unga aliyeonekana karibu na Kinshasa mwaka wa 1973, nchi ilipoitwa Zaire. Alikauka juu ya vichwa vya mihogo, majani yakajikunja, sombe ikakosekana, na mizizi ikabaki kama vidole. Mdudu huyo alitoka Amerika ya Kusini. Mwaka wa 1981 adui wake, nyigu mdogo mno, alipatikana Paraguay, akaletwa Ibadan katika Nigeria, ambako Mswisi Hans Herren na wenzake walimzalisha kwa wingi na kumwachilia, hata kwa ndege, katika nchi nyingi za mihogo za Afrika. Njaa kubwa iliyoogopwa ikazuilika bila kumpulizia mkulima hata tone moja la sumu. Herren alipewa tuzo ya chakula ya dunia mwaka wa 1995, na ndiye aliyeongoza icipe wakati nyigu wa kabichi alipoletwa Kenya. Mamilioni ya watu wanaokula sombe leo hawajui jina lake, wala la nyigu.

Basi mwenye bustani ya kabichi au lengalenga nyuma ya nyumba afanye nini? Kwanza awe na macho. Mayai ya kipepeo hukaa chini ya jani; bustani ya nyumbani yenye mashina 50 au 100 inaweza kukaguliwa asubuhi kwa muda usiozidi saa moja, mara mbili kwa wiki, na watoto wana macho mazuri kuliko sisi. Mayai na viwavi hupondwa kwa vidole au hutupiwa kuku. (Tunajua kwamba katika Kinshasa na mahali pengi viwavi wa msituni, mbinzo, ni chakula kitamu na cha nguvu. Hawa wa kabichi si hao.) Miche ifunikwe chandarua safi kisichopakwa dawa, maana kipepeo asipofika hatagi. Kabichi isifuate kabichi katika tuta lile lile, na mabaki ya mavuno yazikwe au yapewe wanyama, yasiachwe kuwa nyumba ya nondo.

Maji ya sabuni huwasaidia wengi kwa wadudu laini, lakini kiwavi mkubwa hayaogopi. Utupa, ule mmea ambao wavuvi hulevya nao samaki, huua viwavi kweli. Usioshwe wala kumwagwa karibu na mto. Maji ya tumbako tunawasihi msiyatumie kwenye mboga za majani kabisa. Watu husema ni ya asili, kwa hiyo hayana neno, lakini nikotini ni sumu kali kwa mtu, nayo hupenya hata katika ngozi. Arseniki nayo inatoka ardhini. Bt ikipatikana katika duka la kuaminika, yenye karatasi na tarehe yake, itumiwe jioni, tena pale tu viwavi wanapozidi mikono.

Na kile kibonge cha vifuko vya manjano au vyeupe, kilichobandikwa kwenye jani kando ya kiwavi aliyenyauka, kiacheni. Baada ya siku chache kila kifuko hufunguka kwa juu kama kifuniko cha chungu, na nyigu anatoka.